Mashine ya Asilimia Mia na Ishirini na Tano

Jumapili, tarehe 15 Juni 2025. Asubuhi iliamka na baridi kavu, upepo wa vumbi, na anga isiyo na hata wingu la kusingiziwa. Nilitoka misa ya kwanza nimefunga koti hadi shingoni, kitabu cha sala kikiwa mfukoni na daftari la fizikia kwapani. Nikanyoosha moja kwa moja hadi kijiwe cha kahawa cha Paskazia, hapa Ushirombo, nyuma ya kibanda cha kuziba pancha.

Jina langu ni Kalisti, ila hapa kijiweni naitwa Frateri kwa sababu ya kusali sana, ingawa nina mke na watoto wanne. Nina miaka arobaini na mitatu. Mchana natunza pampu ya dizeli inayovuta maji kwenye duara la Masele. Duara ndilo shimo la dhahabu, na lisipovutwa maji linageuka kisima. Jioni nasoma masomo ya sekondari, ili Novemba nifanye mtihani wa kidato cha nne. Jumapili zamu ya pampu ni ya Adam, nami napumzika.

Niliwakuta watatu kwenye benchi. Masele mwenyewe, tajiri wangu, ambaye kila mtu anamwita Bosi hata siku ambazo duara halijatoa kitu. Chacha, tunayemwita Wakili, kwa sababu alikuja kutoka Tarime akiwa na kesi moja ya mpaka wa shamba na tangu hapo hajaacha kubishana. Na Onesmo, yaani Redio, ambaye habari humfikia kabla haijatokea.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Sikupata hata nafasi ya kukaa. Onesmo alinisogezea simu usoni.

"Frateri, njoo uone sayansi ya kweli. Hilo daftari lako kafungie maandazi, wenzako wameshamaliza kusoma."

Kwenye video kulikuwa na mwanaume mwenye ovaroli jipya na kofia ngumu ya njano, amesimama mbele ya mashine iliyofunikwa kwa bati pande zote. Alijiita Injinia William wa Kharumwa. Kwa maelezo yake, mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme huo unarudi kuzungusha mota, na unaobaki unavuta maji shimoni. Betri ya pikipiki inaiamsha mara moja tu. Baada ya hapo haitaki mafuta, haitaki jua, haitaki chochote.

"Inazunguka tangu Februari," alisema Onesmo. "Haijazima hata dakika! Inawasha nyumba kumi na mbili, inasaga mahindi, inachaji simu za kitongoji kizima. Nasikia ikipata joto inajipepea yenyewe."

"Na ikipata mafua?" aliuliza Paskazia huku akimimina kahawa. "Inajichemshia tangawizi?"

"Mama Salvina, wewe mimina. Haya ni mambo ya teknolojia."

Masele alikohoa, kikohozi cha mtu mwenye tangazo.

"Basi mjue kuwa nimeshazungumza naye. Kesho saa kumi na mbili asubuhi analeta kirikuu kuchukua pampu yangu. Mimi nampa pampu ya dizeli, yeye ananipa mashine. Kitu kwa kitu, hakuna maneno."

"Mashine inakuja na kirikuu hiyo hiyo?" nikauliza.

"Hapana. Baada ya wiki mbili. Kuna kifaa kimoja anakisubiri."

Kahawa ilinipalia. Duara letu lina futi tisini. Pampu ikilala usiku mmoja, maji yanafika kifuani. Ikilala wiki mbili, matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yatalowa na kulegea, na shimo ambalo watu kumi na mmoja wamelichimba kwa miezi minane litajifunga juu ya zana zao. Hakuna atakayelifungua tena.

"Bosi," nikasema, "mashine hiyo haiwezi kufanya kazi."

Benchi zima likanigeukia. Kisha likacheka.

"Nani kasema?" aliuliza Chacha.

"Fizikia."

"Fizikia ndiyo nani? Ana duara wapi?"

"Ni somo, Wakili."

"Najua ni somo! Nauliza ana duara wapi? Maana hapa anayezungumzia pampu sharti awe na shimo. Hilo somo lako linamhusu mzungu mmoja aliyeangukiwa na tunda, akaandika kitabu. Sisi hapa tunaangukiwa na mwamba kila mwaka, nani ameandika?"

"Hakuna aliyeandika," Onesmo akadakia, "kwa sababu aliyeangukiwa huwa hatoki."

Niliwaacha wacheke, nikakaa na kufungua daftari. Nilikuwa na hakika na jambo hilo, maana Mwalimu Apolonia alilifundisha siku tatu mfululizo mpaka chaki ikamwishia. Fizikia tunaisoma kwa Kiingereza, naye huitafuna kwanza kwa Kiswahili, kisha ndipo anatulisha.

"Sikilizeni. Nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Inabadilika tu sura. Dizeli inaungua, inakuwa mzunguko, mzunguko unakuwa umeme. Na kila inapobadilika, sehemu yake inapotea kwenye joto, kelele na msuguano. Kwa hiyo jenereta haiwezi kurudisha hata yote iliyopewa. Itabakiza wapi ya kuvuta maji?"

Chacha alisimama. Alipandisha suruali yake taratibu, kama afanyavyo akiwa na hoja.

"Rudia hapo mwanzo. Nishati hai nini?"

"Haiumbwi."

"Mmemsikia? Ametoka misa sasa hivi, hostia haijafika tumboni, anatuambia kuna kitu hakiumbwi! Mungu yuko wapi kwenye hesabu zako, Frateri?"

"Mungu aliiumba," nikajibu. "Aliumba vyote kwa siku sita, ya saba akapumzika. Sijasikia kama amemwajiri mtu Kharumwa aendeleze kazi."

Paskazia alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye sahani. Chacha hakucheka.

"Haya. Na mikate mitano? Watu elfu tano wakala, wakashiba, vikabaki vikapu kumi na viwili. Kiliingia kidogo, kikatoka kingi. Hiyo unaiamini au huiamini?"

"Naiamini kwa moyo wangu wote."

"Basi! Kwa nini mkate uweze na jenereta ishindwe? Mnachagua miujiza kama mnachagua nyanya!"

"Wakili, Bwana aliwalisha watu bure. Hakuwaambia wampe nyavu zao leo, mikate waifuate baada ya wiki mbili."

"Hapo kakupiga," alisema Paskazia.

"Hajanipiga. Ameteleza, mkono ukanigusa."

Masele alikuwa akichezea kikombe. Aliniangalia kwa jicho lile la mwenye mali.

"Frateri, tuseme ukweli. Wewe ndiye mtu wa pampu. Pampu ikiondoka, nawe unaondoka. Unatetea tonge lako kwa Kiingereza."

Sikuona sababu ya kudanganya siku ya Bwana.

"Ndiyo, Bosi, natetea tonge langu. Na la Adam, na la wale tisa wanaoshuka chini. Na lako pia, ingawa hujanituma."

"Lake muachie mwenyewe," alisema Onesmo. Wakati nikimgeukia, alikwishanyakua daftari mapajani mwangu. Ikadondoka karatasi niliyoikunja mara nne. Ilikuwa karatasi ya mtihani wa majaribio wa kituo chetu cha jioni. Niliinama kuiwahi, Chacha akaiwahi zaidi.

"Aisee! Ishirini na tatu kwa mia! Efu!"

"Efu ya nini?" aliuliza Masele.

"Ya fizikia, Bosi! Yule Fizikia tuliyekuwa tunaambiwa kasema, kumbe hata hamjui Frateri! Wamekutana mara moja tu, na akamfukuza!"

Walicheka hadi fundi wa pancha akatoka kibandani na tairi mkononi kuja kuuliza nani kafa. Onesmo alimweleza, naye akacheka akarudi. Mimi nilibaki nikitazama viatu vyangu. Moyoni nilisali ile zaburi ya kumwomba Bwana aweke mlinzi mdomoni mwangu.

"Ngojeni, ngojeni," alisema Chacha, macho yakiwa bado kwenye karatasi. "Hapa kuna jambo. Someni wenyewe. Mzigo wa niutoni mia nne umeinuliwa mita mbili kwa kapi. Aliyevuta katumia nguvu ya mia mbili na hamsini, kamba ikaja mita nne. Tafuta ufanisi wa mashine. Na jibu la Frateri ni... asilimia mia na ishirini na tano!"

"Maana yake?" aliuliza Masele.

"Maana yake ukiipa mia inakurudishia mia na ishirini na tano! Ndiyo hiyo hiyo ya Injinia! Frateri kaigundua kabla yake, kwenye karatasi, kwa mkono wake mwenyewe, na sasa anaikana!"

"Nilikosea!" nikasema. "Niligeuza hesabu. Kazi iliyotoka ni mia nane, iliyoingia ni elfu moja. Nilitakiwa nigawe mia nane kwa elfu moja, nikagawa elfu moja kwa mia nane. Jibu ni themanini. Mwalimu kaandika pale pembeni, msome."

Chacha alisogeza karatasi juani.

"Kaandika, 'Ukiipata mashine hii, niletee.'"

"Si ndiyo hiyo!" alipiga kelele Onesmo. "Mwalimu mwenyewe anaitafuta! Bosi, ukiipata, uza moja kwa mwalimu!"

"Na huyu kanyimwa alama bure," alisema Chacha. "Frateri, tuikatie rufaa. Shahidi wetu ni Injinia William."

Masele alitikisa kichwa, sasa akiwa ameridhika kabisa.

"Mimi nilimsikiliza huyu nikidhani labda shule imemfunza kitu. Kumbe mtu wa ishirini na tatu ananizuia mimi wa duara zima. Ukifika miaka yako, ndugu yangu, masomo ni kama kumpeleka punda unyago. Ukipata hicho cheti utakuwa nani? Waziri wa Kapi?"

Yule mlinzi niliyemwomba alichelewa zamu.

"Bosi, mimi nilipogeuza hesabu nilinyang'anywa alama nne. Wewe ukiigeuza hiyo hiyo kesho asubuhi, utanyang'anywa duara."

Paskazia aliweka birika chini.

"Kwa hiyo mimi ni mjinga?" Masele aliuliza polepole.

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa Kiswahili cha kanisani."

"Bosi, nisamehe. Niulize tu jambo moja, si la kitabuni. Kishapu, kwa mzee wako, mlikuwa na ng'ombe wangapi?"

Hapo nilijua namgusa pazuri. Msukuma aliyekulia zizini, hata akiwa na hasira, ukimwuliza idadi ya ng'ombe atakujibu.

"Tisini na sita. Mwaka wa njaa walibaki arobaini."

"Katika hao wote, uliwahi kuona jike linalojinyonya lenyewe?"

Masele alikunja uso. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Lilikuwepo. Jekundu, pembe moja imeinama. Linageuza shingo hivi, linajinyonya mchana kutwa. Mzee alilifunga miti shingoni lisifike, likavunja miti."

"Lilinenepa?"

"Linenepe kwa nini? Lilikuwa hata malishoni haliendi, linangojea chuchu yake tu. Lilikonda likabaki mbavu."

"Na ndama alipata maziwa?"

"Ndama alipata wapi? Alikufa."

"Na nyie mlipata?"

"Yaya! Hata ya kuweka kwenye chai hatukupata."

Alisema "yaya" ile ya kwao, ile hapana ya Kisukuma isiyo na rufaa. Aliitazama simu ya Onesmo iliyokuwa bado inarudia ile video, mota ikizungusha jenereta, jenereta ikizungusha mota.

"Lakini ng'ombe si mashine," Chacha alisema.

"Nyamaza kwanza, Wakili," alisema Masele.

"Nasema tu, kisheria..."

"Chacha! Nyamaza!"

Paskazia alimsogelea Masele, akajifuta mikono kwenye khanga. "Baba Jilala, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Na huo msala wenyewe hata haujapita, umeambiwa tu utapita baada ya wiki mbili. Mpigie huyo injinia. Weka sauti kubwa tusikie wote. Si mashine inazunguka tangu Februari? Basi hata sasa inazunguka. Atusikilizishe."

Masele hakutaka. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na bosi hawezi kuogopa simu yake mwenyewe. Akapiga. Injinia alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa akiisubiri.

"Bosi wangu! Kirikuu ipo tayari, dereva kesho anadamka!"

"Vizuri, vizuri. Injinia, nipo hapa na... na mafundi wangu. Wanataka kuisikia mashine."

"Kuisikia?"

"Mlio wake tu. Wafurahi."

Tulisikia hatua, mlango wa bati ukikwaruza, kisha mlio: tu-tu-tu-tu-pwa, tu-tu-tu-tu-pwa.

"Mnaisikia?" alisema Injinia kwa mbali. "Haili hata tone!"

Onesmo alinyanyua mikono juu kama aliyefunga goli. Chacha aliniangalia kwa huruma ya kunidhihaki. Mimi nilimtazama Masele. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, kama daktari aliyeweka sikio kifuani mwa mgonjwa. Miaka minane, duara hadi duara, amelala karibu na pampu ile. Anaijua kuliko anavyojua sauti za watoto wake.

"Injinia," alisema bila kufumbua macho, "hiyo ni dizeli ya silinda moja."

"Hapana, Bosi, hiyo ni mota..."

"Ringi za pistoni zimekwisha. Inakula oili. Na nozeli ya mafuta inarusha, ndiyo maana inasema pwa."

"Aah, hiyo unayoisikia ni ya jirani! Ana mashine ya kusaga!"

"Anasaga Jumapili saa tatu asubuhi?"

"Ana wateja wengi. Bosi, subiri kidogo, usikate, naona inataka kuzima, ngoja nikaongeze..."

Mlio ulianza kukohoa. Tu-tu... pwa. Tu... pwa. Kisha kimya.

"Ukaongeze nini?" aliuliza Masele.

Upande wa pili mlango wa bati ulikwaruza tena.

"Injinia! Ukaongeze nini?"

"Mtandao... mtandao unasumbua, Bosi, nitaku..."

Simu ikakatika.

Upepo ulipita, ukasukuma vumbi miguuni mwetu. Fundi wa pancha, ambaye kumbe alikuwa amerudi na kusimama nyuma yetu, ndiye aliyeanza.

"Labda alitaka kuongeza imani."

Paskazia alikaa chini kwa kicheko. Onesmo aliichukua simu yake, akaifuta ile video kimyakimya, akidhani hatumwoni.

"Redio," nikamwambia, "nyumba kumi na mbili zimelala giza leo."

"Mimi nilitangaza tu," alisema. "Redio haiulizwi ukweli wa tangazo."

Chacha alikuwa amekwishahama upande, kama kawaida yake. "Mimi tangu mwanzo nilikuwa namhoji shahidi. Ule ulikuwa utaratibu. Wakili mzuri anaegemea upande wa uongo ili ukweli utokee."

"Wewe ulikuwa unaikatia rufaa asilimia mia na ishirini na tano!" alimwambia Paskazia.

"Kwa majaribio, mama. Kwa majaribio."

Masele hakuwa anacheka. Alikunywa kahawa iliyokwisha kupoa, akaliangalia vumbi, akaniangalia mimi, akaliangalia vumbi tena. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na nikamwomba anisaidie nisitabasamu. Sala hiyo ya pili haikujibiwa.

"Usinicheke, Frateri."

"Sikucheki, Bosi."

"Na usidhani umenifundisha wewe. Nimelitambua kwa sikio langu."

"Ni kweli, Bosi. Kwa sikio lako."

"Fizikia yako ina efu."

"Ni kweli. Novemba bado, naomba itoke."

"Na mimi nilikuwa namjaribu tu yule mtu. Nilijua."

"Ulijua!" alipiga kelele Paskazia. "Pampu ilikuwa inapakiwa kesho alfajiri, wewe unajua! Watu kumi na mmoja wangerudi makwao na majembe ya mkopo, wewe unajua! Baba Jilala, sitaki kusikia umejua. Kuna wake za watu wananunua maandazi hapa kwa sababu lile duara lipo. Simama. Sema mbele yetu, kwa sauti, pampu inakwenda wapi kesho. La sivyo hiyo ndiyo kahawa yako ya mwisho kwenye benchi langu."

Masele alitazama huku na huku akitafuta wa kumtetea. Wakili aliangalia kiatu chake. Redio alijifanya anapokea simu isiyoita. Fundi wa pancha alikunja mikono kifuani, akasubiri, na wapita njia wawili waliokuwa wakienda misa ya pili walisimama kuuliza kuna nini.

Masele akasimama. Alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Sawa. Mimi Masele, baba wa Jilala, naahidi mbele ya Mama Salvina, Chacha, Onesmo, huyu fundi na hawa wapita njia nisiowajua: pampu yangu haitoki kwenye duara. Si kesho, si baada ya wiki mbili, si kwa mtu yeyote, mpaka ife yenyewe mbele ya macho yangu. Kirikuu ikija, itarudi na matairi yake tu. Na Jumatano jioni," alinigeukia, "yule mwalimu wako akifundisha tena hayo ya mashine, nitakuja kusikiliza. Lakini nitasimama dirishani. Ndani siingii, na asije akaniuliza swali!"